Mfuko Una Kanuni, Ujirani Hauna Kadi

Kuna swali moja ambalo kila anayejitolea mtaani anaulizwa, na mara nyingi anayeuliza ni mtu anayelala naye kitanda kimoja: “Hivi hicho chama chenu kinakulipa nini?” Mwenzenu nimeulizwa swali hilo kwa miaka sita sasa, tangu nichaguliwe kuwa katibu wa umoja wa wakazi wa mtaa wetu huku Goba, Dar es Salaam. Mume wangu ameniuliza, wadogo zangu wameniuliza, hata dada mmoja saluni aliniuliza huku kichwa chake kikiwa ndani ya draya, yaani akapaza sauti mpaka saluni nzima ikageuka.

Kama ni fedha, jibu ni rahisi: silipwi hata senti. Vocha najinunulia, kalamu najinunulia, na siku ya kikao chai inapikwa kwangu. Lakini ukiniuliza kwa nini bado nipo, hapo itabidi ukae nikueleze.

Wengi wetu huku tumetoka uswahilini. Mimi nimekulia Magomeni, nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati na uani pamoja. Choo kimoja, bomba moja, kamba moja ya kuanikia nguo. Mama akiugua, jirani alijua kabla ya baba kurudi kazini. Hakuna aliyelipa kiingilio ili awe jirani. Ulikuwa jirani kwa sababu moshi wa jiko lako uliingia chumbani kwa mwenzio.

Serikali nayo ilikuwa na utaratibu wake. Tangu enzi za TANU, miaka ya 1960, kulikuwa na mabalozi wa nyumba kumi kumi. Mgeni akilala kwako, balozi anajua. Mke na mume wakigombana usiku, balozi anagongewa. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, mabalozi wakabaki kuwa watu wa chama kimoja, na shughuli za wakazi wote zikawa za serikali ya mtaa, yenye mwenyekiti wa kuchaguliwa na mtendaji wa kuajiriwa. Ni ofisi muhimu, barua ya utambulisho utaipata hapo. Lakini ofisi haiwezi kuja kukupikia chai usiku wa msiba.

Huku Goba mambo ni tofauti. Miaka ya mwanzo ya 2000 sehemu kubwa ilikuwa mashamba. Watu tukanunua viwanja kwa wenyeji, kila mmoja akajenga kwa nguvu zake na kwa wakati wake. Ukuta kwanza, geti la pili, nyumba ya tatu! Barabara na mifereji vikaachwa vije baadaye. Matokeo yake unaweza kukaa mwaka mzima bila kujua jina la anayekaa ng'ambo ya ukuta wako, ila rangi ya gari lake unaijua. Ndiyo maana tukaanzisha umoja. Kile ambacho Magomeni kilikuja chenyewe, huku ilibidi tukiandikie katiba.

Kazi ya daftari

Umoja wetu una kaya 64. Kila kaya inachangia shilingi 5,000 kwa mwezi. Ukifiwa na mwenza au mtoto unapewa shilingi 500,000, mzazi 200,000. Tuna turubai mbili, viti 150 vya plastiki, masufuria makubwa manne na majamvi. Masika yakikata barabara tunachangishana kifusi, na Jumamosi ya msaragambo kila nyumba inatoa mtu na jembe. Watu wanakumbuka tarehe 9 Desemba 2015, sherehe za Uhuru zilipofutwa na nchi nzima ikaambiwa ishike mafagio. Kwetu ule ufagio haukurudi stoo.

Siasa tumeiacha getini. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 ulipokaribia, tulikubaliana mapema kwamba fulana ya chama chochote haiingii kwenye kikao chetu. Mgombea ambaye ni jirani aje kama jirani, akae kwenye kiti cha plastiki kama wenzake.

Kazi ya katibu haina sifa, jamani. Naandika muhtasari, naitisha vikao, nakumbusha wanaodaiwa. Hiyo ya mwisho ndiyo mtihani. Unakutana na mtu dukani, unataka kumsalimia tu, yeye anaanza kujieleza kwamba mwezi huu ada za watoto zimembana. Wengine wakiniona kwa mbali wanageuza njia, kha!

Katika kanuni zetu, mbili ndizo zinazoleta maneno. Mwanachama mpya anasubiri miezi mitatu kabla ya kustahili kulipwa. Na anayedaiwa zaidi ya miezi mitatu hapewi kitu. Ukizisikia juu juu unaweza kusema tuna roho mbaya. Lakini nimeshaona kikundi kingine, si mbali na kwetu, kilichokufa kwa huruma. Kila aliyelia alipewa, mwanachama na asiye mwanachama. Ukafika mwezi wa misiba mitatu mfululizo, mfuko mtupu, na mama aliyelipa miaka miwili bila kukosa akaambulia pole ya mdomo. Kikundi hakikuitisha kikao tena.

Usiku wa mtihani

Miaka miwili iliyopita, masika yakiwa yamekolea, kijana mmoja wa bodaboda alipata ajali akafariki. Alikuwa mpangaji wa chumba kimoja kule bondeni, na mke wake alikuwa na mtoto wa miezi minane mgongoni. Walikuwa na miezi mitano tu mtaani kwetu. Mwenye nyumba wao ni mwanachama, wao hawakuwa. Ndugu zao wote wako Iringa.

Taarifa iliingia kwenye kundi letu la WhatsApp saa moja jioni. Mpaka saa mbili watu walikuwa wameshagawanyika. Huyu anaandika, “Si mwanachama, katiba iko wazi.” Yule anajibu, “Katiba inazika mtu?” Mwenyekiti akaona simu zitatugombanisha, akatuita nyumbani kwake. Tukakaa barazani, mvua inanyesha kwenye bati, kila mmoja anapandisha sauti.

Mhazini wetu ni mwalimu mstaafu, mama wa maneno machache. Waliotaka zitolewe zile 500,000 walimgeukia yeye. Akafunga daftari, akasema, “Fedha hizi si zangu wala si zenu mliokaa hapa. Ni za wale ambao bado hawajafiwa.” Baraza ikawa kimya. Hakuna aliyependa kusikia maneno yale, na hakuna aliyeweza kuyapinga.

Basi tukabaki tumekwama hapo. Kutoa tutavunja kanuni, kutotoa tutamwacha mtoto wa watu peke yake. Ndipo akanyanyuka bibi mmoja wa nyumba ya kona, ambaye kwenye vikao huwa hasemi kabisa. Akajifunga khanga vizuri, akachukua tochi yake. “Nyie endeleeni na katiba, wanangu. Mimi nakwenda kukaa na mfiwa.” Akatoka kwenye mvua.

Wanawake tukatazamana. Mmoja akanyanyuka, wa pili, wa tatu. Saa nne usiku tulikuwa kumi na wanne kwenye jamvi, katika ukumbi wa ile nyumba ya bondeni, na mfiwa katikati yetu. Wanaume wakafunga turubai na kushusha viti, mwenyekiti akisema vifaa vikikaa stoo havizai. Vijana wa kijiwe cha bodaboda wakaja na mchango wao na kushughulikia jeneza. Tukafungua daftari la rambirambi, kila mtu na alichonacho mfukoni, bila kiwango. Mwalimu wetu, yule yule aliyefunga daftari la umoja, alikuwa wa kwanza kuandika jina lake kwenye hili.

Mfuko haukuguswa. Siku ya tatu ndugu walipofika, mwili ukasafirishwa Iringa, na wenzetu wawili wakapanda gari pamoja na mfiwa, mmoja akimpakatia mtoto njia nzima. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndugu ni ndugu, lakini Iringa ni mbali, na usiku wa kwanza wa msiba hausubiri basi.

Na nyumbani je?

Sasa hapa, mpenzi msomaji, ndipo panapotuhusu sisi wenye ndoa. Usiku wote ule mimi sikuwa nyumbani. Baba Watoto alipika ugali, akawaogesha watoto, akawapeleka shule, na jioni akarudi kazini akakuta nyumba haina mtu. Siku ya tatu niliporudi kubadili nguo alinisubiri sebuleni. Hakupiga kelele. Aliniambia, “Watoto wako hawajafiwa, lakini na wao hawana mama.”

Maneno hayo yaliniingia. Sikumjibu papo hapo, maana nilikuwa na usingizi wa siku tatu, na mtu mwenye usingizi akijibizana na mtu mwenye hasira hapatoki kitu. Tulikaa Jumapili iliyofuata, watoto wakiwa wamelala. Yeye akaeleza yake: si kwamba hapendi umoja, ila simu yangu inalia wakati wa chakula, na wanaodaiwa wananijibu saa tano usiku. Mimi nikaeleza yangu: siku tukipata shida sisi, na ndugu zake wako Bukoba, wa kwanza kufungua geti letu watakuwa watu hawa hawa.

Tukakubaliana mambo matatu, na mpaka leo tunayashika. Saa tatu usiku simu ya umoja inazimwa, ila ya msiba, ambayo mwenyekiti anapiga kwenye namba nyingine. Vikao haviwi Jumapili jioni. Na nikilala msibani, yeye anaambiwa mapema, si kusikia kwa jirani.

Msinielewe vibaya, hakugeuka kuwa mwanaharakati. Mwaka jana gari lake lilizama kwenye tope mbele ya geti letu, ndipo akashika koleo siku ya msaragambo. Alisukuma matoroli ya kifusi asubuhi nzima, akarudi ameshika kiuno, akauliza, “Na sisi tunaosukuma toroli, tunalipwa nini?” Tulicheka mpaka watoto wakatoka nje kuuliza kuna nini.

Heshima mbili

Yule mjane alirudi kutoka Iringa baada ya miezi minne. Siku hizi anauza vitumbua asubuhi karibu na kituo cha daladala, mtoto anatembea. Siku moja alikuja kwangu na noti ya 5,000 iliyokunjwa mara nne, akataka kujiandikisha. Nikamweleza kanuni zote, pamoja na ile ya kusubiri miezi mitatu. Nilikuwa naona tabu kumtamkia, lakini yeye akatabasamu. “Andika tu, dada. Nikisubiri na watu si sawa na kusubiri peke yangu.”

Amesubiri miezi yake mitatu kama kila mtu. Kwenye daftari hatukumpendelea, na siku ya msiba hatukumwacha. Naona vyote viwili ni heshima. Ya kwanza inasema wewe ni mtu mzima, tuko sawa. Ya pili inasema wewe ni mtu, basi. Shida ya vyama vingi vya mitaa ni kuchanganya hizo mbili: ama wanafanya mfuko kuwa sadaka mpaka unakauka, ama wanafanya ujirani kuwa mali ya wenye kadi.

Na kuna wa aina nyingine, hasa sisi wa maofisini. Tunatuma mchango kwa simu dakika ile ile taarifa inapoingia, tunaandika “poleni sana”, tumemaliza. Fedha inasaidia, sikatai, bila fedha turubai halinunuliki. Lakini hakuna mfiwa aliyewahi kunisimulia kiasi alichotumiwa na fulani. Wanasimulia nani alikaa karibu nao, nani alimbeba mtoto, nani aliosha vyombo asubuhi bila kuambiwa.

Kwa hiyo kama umehamia mtaa mpya na unafikiria kujiunga, nakushauri mambo machache, dada yangu na kaka yangu. Omba kuona daftari la mapato na matumizi kabla ya kutoa hata shilingi. Wakikuzungusha, subiri kwanza. Soma kanuni, halafu uzikubali zote, hata zile zitakazokuuma siku moja. Jitolee kwa kile unachokiweza: mwenye gari abebe viti, mwenye mwandiko mzuri aandike, asiye na muda mchana aje usiku. Na kabla hujakubali cheo, kaa na mwenzio mkubaliane saa za simu kuzimwa. Umoja unaojengwa kwa kubomoa nyumba ya katibu haufiki mbali.

Mimi kipindi changu kinaisha Desemba. Nitakabidhi kalamu, mihuri na daftari kwa atakayechaguliwa, na nitamwonya kuhusu wale wanaogeuza njia. Kuhusu jamvi, hilo sina wa kumkabidhi. Nikisikia kuna msiba bondeni, nitajifunga khanga na kwenda.