Mikono Isiyorushiwa Mpira

Kila mwaka, mwezi wa Februari unapokaribia kwisha, vijana zaidi ya mia tatu waliocheza mpira wa Kimarekani vyuoni hukusanyika mjini Indianapolis ili wapimwe. Hupimwa urefu, uzito na upana wa viganja. Hukimbizwa yadi 40 huku saa ikihesabu visehemu vya sekunde, na wengi hulala chali kusukuma juu chuma cha kilo 102 hadi mikono iishiwe nguvu. Wasaka vipaji wa timu za NFL hukaa pembeni wakiandika. Mgeni akipita hapo atadhani yuko mnadani, na hatakuwa amekosea sana.

Miongoni mwa vijana hao, anayewatatiza wapimaji mno ni mkimbiza mpira. Msomaji anayeifahamu raga na aanzie huko, ila akumbuke kwamba katika mchezo huu pasi ya kwenda mbele inaruhusiwa. Mkimbiza mpira hukabidhiwa mpira nyuma ya ukuta wa wenzake, akajipenyeza palipo na upenyo. Zamani hilo lilitosha. Siku hizi anatakiwa pia atoke mbio kwenda kudaka pasi, na asipokwenda, abaki amkinge kotabeki, yule mrushaji mkuu, dhidi ya wapinzani wanaomvamia. Anayeyamudu yote matatu hatolewi uwanjani. Asiyeyamudu huingia na kutoka, na kila aingiapo wapinzani hujua kitakachofuata.

Shida ni kwamba mechi za chuo aghalabu humfichua kocha kuliko zinavyomfichua mchezaji. Roger Craig alichezea Chuo Kikuu cha Nebraska, ambako mpira ulikimbizwa asubuhi na jioni, pasi zikawa adimu kama mvua ya kiangazi. Aliyezisoma takwimu zake angeweza kuapa kwamba kijana yule hakujaliwa mikono. San Francisco 49ers walimteua mwaka 1983, akiwa wa 49. Huko alimkuta kocha Bill Walsh, ambaye mfumo wake ulisimama juu ya pasi fupi fupi. Mwaka 1985 Craig alidaka pasi 92, idadi ambayo hakuna aliyeifikia katika ligi msimu huo, akawa mchezaji wa kwanza kupata zaidi ya yadi 1,000 kwa kukimbia na zaidi ya 1,000 kwa kudaka katika msimu mmoja. Ilipita miaka 14 kabla ya Marshall Faulk kulifanya hilo tena, kisha 20 kabla ya Christian McCaffrey. Mikono ya Craig haikuota San Francisco. Ilikuwapo Nebraska, ila haikurushiwa kitu.

McCaffrey ni kisa cha namna nyingine. Chuo cha Stanford kilimtumia kwa kila njia. Mwaka 2015 alikusanya yadi 3,864 kwa kukimbia, kudaka na kurudisha mipira, akaivunja rekodi ya Barry Sanders ya mwaka 1988. Ushahidi ulikuwa mezani. Hata hivyo, alipokisukuma kile chuma mara 10 tu mwaka 2017, minong'ono ilianza kwamba ni dhaifu. (Chuma hakijawahi kudaka pasi, lakini hilo tuliache.) Carolina Panthers hawakuisikiliza minong'ono hiyo, wakamchukua akiwa wa nane.

Mwaka huo huo wachezaji 66 waliitwa kabla ya Alvin Kamara. Katika misimu miwili kwenye Chuo Kikuu cha Tennessee alikuwa amekabidhiwa mpira mara 210 tu, kiasi ambacho wengine hukimaliza kwa msimu mmoja. Palikuwa na njia mbili za kuisoma namba hiyo: kwamba kocha wake hakumwamini, au kwamba miguu yake haijachakaa. Wengi walichagua ya kwanza. New Orleans Saints walitazama pia pasi 74 alizodaka, na katika kila mmoja wa misimu yake mitatu ya kwanza akawadakia pasi 81.

Lakini mikono peke yake si dawa. Trent Richardson wa Alabama aliteuliwa wa tatu mwaka 2012, na katika msimu wake wa kwanza Cleveland alidaka pasi 51. Kilichomponza ni macho: upenyo ulifunguka naye asiuone, mikimbio 267 ikazaa yadi 950 tu. Mwaka uliofuata aliuzwa Indianapolis, na baada ya msimu wa 2014 hakucheza tena mechi ya NFL. Hakuna saa wala mizani inayopima macho.

Wala hakuna ipimayo kazi ya kumkinga kotabeki. Usione vyaelea, vimeundwa. Watazamaji hushangilia pasi ndefu bila kumwona aliyejigonga kifuani mwa jitu la kilo 110 ili mrushaji apate sekunde moja zaidi. Vyuo vingi hawana haja ya kumfunza mkimbiza mpira kazi hiyo. Kwa hiyo msaka vipaji makini huachana na mabao, akarudia kanda za pasi ambazo kijana hakurushiwa: je, alimtambua mvamizi kabla hajafika? Anapodaka, mpira huupokea kwa vidole au huukumbatia kwa kifua?

Anayehukumiwa vibaya hupoteza mengi. Tangu makubaliano ya mwaka 2011, mkataba wa kwanza wa mchezaji aliyeteuliwa ni wa miaka minne, na malipo hufuata nafasi aliyoitwa. Miaka hiyo ikiisha, miguu imekwisha kupigwa vya kutosha, na timu huangalia kijana mpya wa bei nafuu.

James White wa Wisconsin aliitwa wa 130 mwaka 2014, na msimu huo New England Patriots walimchezesha mechi chache mno. Nyingine zote alitazama tu. Februari 2017, katika fainali dhidi ya Atlanta Falcons, timu yake ikiwa nyuma kwa pointi 25, kotabeki Tom Brady alimtafuta tena na tena. White alidaka pasi 14, rekodi ya fainali hiyo kwa wakati ule, na katika muda wa nyongeza ni yeye aliyeubeba mpira kuvuka mstari.