Kitambaa Chekundu cha Bibi

Bibi yangu mzaa baba ana kasha la msaji lenye njumu za shaba, na chini kabisa, chini ya kanga zake za harusi na hati za nyumba ambayo si yetu tena, kuna kitambaa chekundu. Hakina nyota, hakina maandishi. Nilikua nikidhani ni kipande cha pazia. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nimerudi Unguja likizo, aliponiambia kuwa ni bendera. Baba yake alikuwa nahodha wa jahazi la kuleta boriti kutoka Lamu, na kitambaa hicho kilikuwa kikipepea shetrini.

Nyekundu tupu ilikuwa bendera ya Sultani. Tarehe 10 Desemba 1963, siku ya uhuru, iliongezwa duara la kijani lenye karafuu katikati. Bendera hiyo mpya iliishi mwezi mmoja na siku mbili, mpaka Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Baba yake Bibi hakuwahi hata kushona ile duara.

Likizo ile nilikuwa nafanya kazi kwenye jahazi la mjomba wangu, tunachukua watalii kutazama jua likizama. Ninakiri nilifikiria pesa kwanza. Nilijiona nimeitweka ile bendera ya kale mwisho wa jahazi, watalii wanapiga picha, mimi nasimulia historia, kikapu cha bakshishi kinajaa. Nilimwomba Bibi, akanipa bila kuuliza swali. Mjomba alipoiona mkononi mwangu aliacha kamba aliyokuwa akiifunga.

"Hiyo haipandi kwenye chombo changu."

"Ni historia tu, Mjomba."

"Ya nani?"

Sikujibu. Nilifikiri ni ukali wa wazee tu.

Wiki mbili baadaye wazee wawili wa Kiingereza, mume na mke, walikuwa wakitafuta mtu wa kuwasaidia kupeleka mashua yao ya tanga Mombasa. Nilikwenda. Nilipopanda tu niliona shetrini kwao bendera nyekundu. Upepo haukuwepo, imejikunja kwenye mti wake, na moyo ulinishtuka: nilidhani ni ile ya Bibi. Upepo ulipokuja ikafunguka, nikaona pembeni ile misalaba ya Uingereza. Ndiyo bendera ya vyombo vyao vya kiraia, nyekundu vilevile.

Njiani yule mama alinifundisha adabu za bendera kama mtu anavyofundishwa adabu za mezani. Bendera ya taifa la chombo hukaa shetrini, na ni moja tu. Mkiwa bandarini hupandishwa saa mbili asubuhi na kushushwa jua linapozama. Ukiingia nchi ya watu unapandisha kwanza bendera ya manjano, maana yake chombo changu hakina maradhi, naomba ruhusa ya kuingia. Maofisa wakimaliza kazi yao, ya manjano inashuka, na bendera ya mwenyeji inapanda mlingotini upande wa kulia. Isiwe imechanika, na kwenye henza yake isiwepo nyingine juu yake. Kilindini tulifanya hivyohivyo, na mimi ndiye niliyepandisha bendera ya Kenya. Mikono ilinitetemeka kidogo, sijui kwa nini, si nchi yangu.

Nilimuuliza kuhusu bendera za zamani. Akasema watu wanazipenda, hasa wenye vyombo vya kale, na hakuna ubaya kuzitundika siku ya sherehe, mahali pa mapambo. Lakini kamwe si shetrini. Pale si mahali pa kumbukumbu. Pale chombo kinajibu swali moja: wewe ni wa nani?

Swali lilelile la Mjomba, ila yeye aliuliza kwa neno moja.

Niliporudi nilianza kusoma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, wa 1982, unasema chombo kinasafiri chini ya bendera ya nchi moja tu, na kinachobadilisha bendera kwa kadiri ya manufaa yake kinaweza kuhesabiwa kuwa hakina taifa kabisa. Bahari zetu zenyewe ziliwahi kupelekwa mahakamani kwa jambo hili. Mwishoni mwa karne ya 19 manahodha wa Sur, Oman, waliokuwa wakishuka na kaskazi mpaka pwani yetu, walikuwa wakipeperusha bendera ya Ufaransa. Hawakuwa Wafaransa. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikipekua majahazi kutafuta watumwa, na bendera ya Ufaransa ilizizuia kupanda. Ugomvi ulifika The Hague, na hukumu ikatolewa tarehe 8 Agosti 1905, ikiibana haki ya Ufaransa kugawa bendera yake kwa raia wa Sultani wa Muscat. Nilikaa na habari hiyo muda mrefu. Kipande cha kitambaa shetrini, na chini ya sitaha watu wamefungwa, na askari wa doria anageuza mashua yake kwa sababu ya rangi tatu.

Siku hiyo nilimwendea Mjomba, nikamuuliza hasa kilichomuudhi.

Baba yake, babu yangu mzaa mama, alikuwa hamali bandarini. Mjomba alinieleza bila kupandisha sauti. Gunia la karafuu mgongoni, na kila akiinua kichwa anaona nyekundu: juu ya kasri, juu ya forodha, juu ya vyombo. "Kwake ile haikuwa ya baharini," alisema. "Ilikuwa ya wenyewe." Ilipoteremshwa alilia kwa furaha. Mwezi uleule, upande wa pili wa mji, Bibi alikuwa akiificha yake ndani ya kasha, na nyumba yao ilikuwa imekwisha chukuliwa. Miaka kadhaa baadaye mtoto wa huyu akamuoa mtoto wa yule, na mimi nikazaliwa, na hakuna aliyeniambia kitu.

Nilimrudishia Bibi kitambaa chake, nikamwambia hakitapanda. Akasema alijua. Mbona basi ulinipa? "Uliniomba," akasema. Kisha akauliza kama anaweza kuja siku moja kutembea na hilo jahazi, kwa kuwa tangu utoto wake hajapanda chombo cha tanga.

Alikuja Jumapili ambayo hatukuwa na wageni. Mjomba alimwamkia, akampa mkono, akamkalisha kwenye mkeka karibu na usukani. Shetrini ilikuwepo bendera ya Tanzania, imepauka kwa jua. Tulipofika mbele ya Forodhani Bibi akafungua mkoba wake, akatoa kitambaa, akakikunjua mapajani. Nilimtazama Mjomba. Upepo ulikishika pembe moja, ikainuka, Bibi akaikandamiza kwa kiganja.

Mjomba aliniachia usukani. Akachutama mbele yake, akashika upindo kwa vidole viwili, akaugeuza.

"Huu ni uzi wa tanga," alisema. "Alishona mwenyewe?"

"Mwenyewe. Mama hakujua kushona."

"Mshono mzuri."

Akaurudisha upindo mapajani kwa Bibi, akaenda kulegeza demani. Jua lilipogusa maji aliniita nije nishushe bendera. Nilipokuwa nikiikunja, Bibi naye alikuwa akikunja yake, polepole, akifuata mistari ya mikunjo ya zamani. Halafu akauliza kama kwenye hicho chombo hakuna hata chai.

Nilikwenda kuwasha jiko.