Sugu ni Nani?

Neno likikaa kinywani miaka mingi huacha kuulizwa maana. Kwa miaka 34 niliyofundisha Kiswahili katika shule za sekondari, tangu nilipohitimu chuo cha ualimu, nimelitumia neno sugu mara zisizohesabika: mtoro sugu, mdaiwa sugu, tatizo sugu. Sikuwahi kuketi nalo. Mwaka jana nililazimika, kando ya kitanda cha mdogo wangu.

Alikuwa amegongwa na bodaboda, akavunjika mfupa wa muundi. Alipasuliwa, akawekewa chuma. Siku ya sita kidonda kikaanza kutoa usaha. Akaanzishiwa sindano za seftriaksoni, lakini hadi siku ya nne homa haikushuka. Jioni hiyo nilipomtembelea aliniambia, “Kaka, mwili wangu umeshakuwa sugu. Umezizoea dawa.” Mzee wa kitanda cha jirani akaitikia kwa kichwa. Nami nikaitikia. Sentensi ile haikuwa na kosa la sarufi, na makosa niliyozoea kuyasaka maishani mwangu ni ya sarufi.

Kesho yake alikuja daktari kijana, ambaye miaka mingi iliyopita nilimfundisha kidato cha tatu. “Shikamoo, Mwalimu,” alisema, kisha akanionyesha cheti cha maabara. Usaha ulikuwa umeoteshwa, na kimelea kilichoota ni Klebsiella pneumoniae, bakteria anayeweza kuishi tumboni mwa mtu bila kumdhuru, lakini akiingia kidondani huwa adui. Nilimweleza kwamba mgonjwa wetu mwili wake umekuwa sugu. Akatabasamu kwa adabu. “Hapana, Mwalimu. Mwili wake haujazoea chochote. Walio sugu ni bakteria.”

Nilijiona kama mwanafunzi aliyesahihishwa ubaoni. Nikamwuliza, “Mwanangu, hawa bakteria wamejifunza wapi?” Akasema hawajifunzi. Yaliyofuata ameyaeleza yeye, mengine nimeyasoma baadaye. Nayaandika hapa kwa lugha ambayo mimi na ninyi, wapenzi wa ushairi, tunaielewa.

Bakteria huzaliana kwa kujigawa, na kabla ya kujigawa hunakili maandishi yake yote ya urithi, yaani DNA. Mazingira yakiwa mazuri, Escherichia coli huweza kujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Anayenakili kwa kasi hukosea. Wanaohariri tenzi za kale wanalijua jambo hili: hati mbili za utenzi mmoja hazilingani, kwa kuwa mnakili mmoja aliruka neno na mwingine akabadili herufi. Makosa mengi huharibu au hayana athari. Mara chache sana, kosa moja hubadili umbo la sehemu inayoshikwa na dawa, na dawa ikakosa pa kushika. Dawa inapoingia, wasio na kosa hilo hufa. Mwenye nalo hubaki, akazaana, akaijaza nafasi iliyoachwa wazi. Hakuna aliyezoea kitu. Wamechujwa tu.

Hiyo ni njia ya kurithi. Ya pili ni ya kuazima. Bakteria wengi hubeba, kando ya kromosomu yao, viduara vidogo vya DNA viitwavyo plasmidi. Mwenye plasmidi huweza kumvuta jirani kwa uzi mwembamba, wakagusana, na nakala ya kiduara ikavuka. Jirani huyo si lazima awe mwanawe, wala si lazima awe wa spishi yake.

Hapo ndipo nilipoelewa, kwa sababu jambo hilo nilikuwa nikilifundisha bila kujua. Kiswahili hakikurithi neno meza kwa mababu zake wa Kibantu. Kililipata kwa Wareno. Kitabu tulikipata kwa Waarabu, shule kwa Wajerumani. Wala hatukuyaacha maneno hayo yakae kigeni: tulisema vitabu, kana kwamba ile ki- ilikuwa kiambishi chetu tangu awali. Lugha hukua kwa urithi na kwa ujirani, na ujirani huenda kasi zaidi.

Niliitazama tena orodha katika cheti. Kila dawa ilikuwa na herufi kando yake: S kwa inayofaa, R kwa iliyoshindwa. Seftriaksoni, R. Gentamaisini, R. Kotrimoksazoli, R. Nikasema, “Lakini mdogo wangu hakupewa gentamaisini hata siku moja.” Daktari akajibu kwamba plasmidi mara nyingi hubeba jeni kadhaa kwa pamoja, kama mzigo uliofungwa kamba moja. Ukitumia dawa moja, unamhifadhi mwenye mzigo wote.

Jambo hili lilifumbuliwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1950. Wagonjwa wa kuhara damu walikutwa na Shigella wasiosikia dawa nne kwa mpigo: salfa, streptomaisini, kloramfeniko na tetrasaiklini. Watafiti walipowachanganya bakteria sugu na wengine wasio sugu, hao nao wakawa sugu kwa zote nne. Kosa la kunakili lisingeweza kuruka namna hiyo.

Na jeni zenyewe zina nasaba ndefu. Watafiti wa Mwanza wameripoti katika vimelea vya hospitali jeni iitwayo CTX-M-15, inayoagiza kutengenezwa kwa kimeng'enya cha kuikata seftriaksoni kabla haijafanya kazi. Ukoo wa jeni hizo umefuatiliwa hadi kwa Kluyvera, bakteria wa mazingira asiye na jina kubwa katika wodi zetu. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba katika udongo ulioganda wa Yukon, Kanada, wenye umri wa miaka 30,000, zimekutwa jeni za usugu. Penisilini ya Alexander Fleming iligunduliwa mwaka 1928. Kwa hiyo hatukuziumba jeni hizi. Tumezitafutia soko.

Sasa nirudi kwenye neno. Sugu ni ngozi iliyokakamaa: kiganja cha mkulima kwa mpini wa jembe, kisigino cha mtembea peku. Mimi naliona ni ndugu wa kusugua. Ndiyo maana mdogo wangu alipolisikia neno usugu aliupeleka moja kwa moja mwilini, kwani mwilini ndiko lilikozaliwa. Magazeti nayo huandika “usugu wa dawa”, ilhali kwa sarufi yetu ile -a ya uhusiano hutaja mwenye kitu: usugu wa dawa ni dawa kuwa sugu. Mgonjwa anaambiwa mwenye usugu ni dawa, yeye anaelewa ni mwili wake, na bakteria, mwenye mali, hatajwi. Aliyeamini kwamba mwili wake ndio uliozoea hufanya la busara kwa imani yake: huiacha dawa, au hununua kali zaidi dukani.

Hata hivyo neno hili linasema kweli katika jambo moja. Pasipo msuguano hakuna sugu, na anayesugua ni sisi.

Hapa sina budi kukiri. Kwa miaka minane nilikuwa mlezi wa bweni, na sanduku la dawa lilikaa chumbani kwangu. Ndani yake hapakukosekana vidonge vya rangi mbili. Mtoto akikohoa, nilimpa vinne. Akiharisha, vinne. Vikipungua niligawa viwili viwili ili vitoshe wote, na nikajiona mwadilifu. Kikohozi kingi cha bwenini huletwa na virusi, ambavyo dawa zile haziwezi kuvigusa. Nilichokifanya ni kuwaua bakteria wapole matumboni mwa watoto wa watu, na kuwaachia uwanja waliobeba mzigo. Sidai kwamba Klebsiella wa mdogo wangu alitoka sandukuni mwangu. Lakini jeni ni kama neno: likishatoka, huwezi kulirudisha, wala huchagui litakaa kinywani mwa nani.

Mwaka 2019 pekee, vifo zaidi ya milioni 1.2 duniani vilisababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria. Mdogo wangu hakuwa mmoja wao katika mwaka wake. Alibadilishiwa meropenemu kwa siku 14, chuma kikatolewa, kidonda kikasafishwa mara mbili katika chumba cha upasuaji. Ng'ombe wake wawili waliuzwa. Leo anatembea kwa mkongojo.

Mzee wa kitanda cha jirani alikuwa na kidonda pia. Siku zile za mwanzo, kabla ya cheti, nilikuwa nikimshikia mdogo wangu bandeji, kisha namwinua mzee anywe uji. Baadaye Daktari alinionyesha chupa ya kusafishia mikono iliyotundikwa mlangoni na kusema kwamba kati ya kitanda na kitanda, daraja ni mikono. Asubuhi moja nilikuta kitanda cha mzee kimetandikwa upya. Sikumwuliza Daktari lolote.

Wapenzi wa lugha, sina dawa ya kuwapa, na nimekoma kugawa dawa. Nina ombi dogo. Tuseme “usugu wa bakteria dhidi ya dawa”, hata kama ni refu. Tuseme “vimelea sugu”, tusiseme “mwili sugu”. Tumtaje mwenye mali. Nami nafunga kwa ubeti mmoja, niliouandika nikiwa kwenye benchi la wodi:

Sugu haimo mwilini, mjuzi amenambia,
I kwa vijidudu ndani, jirani humgawia,
Vidonge vya sandukuni, wana niliwapatia,
Nusu ya dozi, jamani, deni imetuachia.