Simfonia ya kina mama

Leo sina mapishi wala mishono. Nataka niwaelezee muziki usiokuwa na udi wala ganuni: Simfonia ya Tatu ya Henryk Górecki, Mpolandi, aliyoitunga mwaka 1976. Wifi yangu aliyeko Ujerumani ndiye aliyenitumia. (Wanaoona muziki haufai wanisamehe, mjadala huo una wenyewe.)

Ina sehemu tatu, zote za mwendo wa polepole, na kila moja ina sauti ya mwanamke mmoja. Ya kwanza ndiyo ndefu zaidi, inapita dakika 20. Inaanza na besi zile kubwa za kusimama, chini kabisa, hadi unadhani simu imeharibika. Kisha nyuzi nyingine zinaingia zikirudia yale yale, kama wanawake wanavyoingia msibani mmoja mmoja. Katikati anaimba Bibi Maryam akimlilia mwanawe anayekufa, maombolezo ya karne ya 15. Sisi hatuamini kuwa Nabii Issa alisulubiwa, kwa hiyo hapo njia yetu na ya Górecki, aliyekuwa Mkatoliki, zinaachana. Ya tatu ni wimbo wa kienyeji wa mama anayemtafuta mwanawe aliyeuawa vitani, hajui hata kalala wapi.

Lakini ya pili, jamani! Mwaka 1944 binti wa miaka 18 alifungwa na Gestapo, polisi wa Kinazi, katika mji wa Zakopane. Akaandika ukutani mwa chumba alichofungiwa maneno machache ya kumwambia mama yake asilie, na ya kumuomba Bibi Maryam. Hakulaani mtu, hakutaka kisasi. Maneno hayo ndiyo yanayoimbwa.

Górecki mwenyewe alifiwa na mama yake akiwa na miaka 2. Mimi wangu alifariki nikiwa na miaka 9. Siku zote nilizokaa ndani nikisingwa kwa ajili ya harusi, hakuna aliyemtaja. Walikuwa wananihurumia, najua, na wakichelea bibi harusi asilie wanja ukaharibika. Lakini kimya kile kilinikaba kuliko kilio. Baada ya kuisikiliza ile ya pili nikamwambia shangazi, niambie mama aliolewa vipi. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza: jinsi alivyokataa kula siku mbili, jinsi somo wake alivyomfinya aache kucheka. Kucheka! Sikujua kama mama yangu alikuwa mcheshi. Tulilia sote, na wanja ulipakwa upya.

Kwa hiyo nyie wenye mwali asiye na mama ndani ya nyumba, mtajeni mama yake. Msimngoje yeye aulize.

Mkitaka kuisikiliza, tafuteni ile iliyotoka mwaka 1992, anayoimba Dawn Upshaw. Iliuzwa nakala zaidi ya milioni moja, jambo lisilo la kawaida kwa muziki wa aina hii. Anzeni na sehemu ya pili, haifiki hata dakika 10.