Kiboko Amepita Saa Ngapi?



Tunaandika kutoka Bujumbura, mtaa wa Buyenzi. Mara hii hatuna habari za harusi wala za mitihani. Tunataka kuwasimulia jinsi sisi, watu wa mjini tusiojua hata kufuga bata, tulivyojifunza kusoma nyayo za wanyama wa porini.

Jambo lenyewe lilianza kwa samaki. Kijana wetu wa kwanza, akiwa na miaka 16, alianza kwenda ziwani kwa baiskeli wakati wa likizo, mara tu baada ya sala ya Alfajiri, kununua ndagala kwa wavuvi wanaorudi na taa zao, kisha anauza hapa mtaani. Ada ya shule ilikuwa imetushinda mwaka ule, tuseme kweli, na pesa ya ndagala ndiyo iliyokuwa ikiiziba. Lakini huko alikokuwa akienda ni upande wa Kajaga, njia ya Gatumba, karibu na mahali mto Rusizi unapoingia Tanganyika. Viboko ni wengi huko. Usiku hutoka majini kula majani, na hawajali kama majani ni ya hifadhi au ya uwanja wa mtu. Tangu mafuriko ya mwaka 2020 yaliyoikumba Gatumba, sisi wa Bujumbura tumezoea kusikia kwamba maji yamefika pasipo pake, na kiboko naye hufuata maji.

Kila asubuhi mama alikuwa akikaa mlangoni na tasbihi mpaka asikie kengele ya baiskeli. Tukafikiri kumkataza. Tukashindwa.

Msikitini kwetu kuna mzee mmoja, asili yake ng'ambo, Uvira, aliyevua samaki miaka mingi kabla mgongo haujamkatalia. Watoto wote humwita Babu, na sisi pia. Tulipomweleza shida yetu hakutupa pole. Alisema tu, "Mtoto mnaweza kumkataza. Kiboko je? Basi mtoto afundishwe kuuliza njia kabla hajaipita."

Tulidhani angetupeleka porini kesho yake. Wapi! Wiki mbili za kwanza alitufundisha uani kwetu. Alituagiza tumwage mchanga laini karibu na bomba, tuufagie jioni, na asubuhi tumwambie nani amepita. Tukajifunza kwamba paka huficha kucha na mbwa huacha alama za kucha zake, kwamba kuku mwenye haraka huchimba zaidi kwa vidole vya mbele. Kisha likaja somo la saa. Binti yetu wa miaka 11 alikanyaga mchanga alfajiri, akakanyaga tena adhuhuri, akakanyaga tena alasiri, na Babu akatulazimisha kuchuchumaa kutazama zote tatu. Ule wa alfajiri kingo zake zilikuwa zimeanza kumomonyoka, sisimizi wamepita ndani yake. Wa alasiri kingo zilikuwa bado kali kama zimekatwa kwa kisu. Majirani walituuliza kama tumepoteza pete.

Tulipoanza kwenda nje, siku za Jumamosi, Babu alikuwa na masharti. Ndani ya hifadhi ya Rusizi hatuingii bila mwongozaji wa hifadhi. Tembea pembeni ya nyayo, usizikanyage, maana utakuja kuzihitaji tena. Jua likiwa bado chini, simama upande ambao nyayo zitakuwa kati yako na jua, ndipo kivuli kitajaa kwenye mashimo na kila kidole kitaonekana. Saa sita mchana hata mwenye macho mazuri haoni kitu.

Mapito ya kiboko, ukishayaona mara moja, huyasahau. Miguu yake imeachana sana, kwa hiyo akipita njia moja kila usiku anachimba mifereji miwili na kuacha tuta katikati, mithili ya njia ya gari ndogo kwenye majani. Unyayo wake una vidole vinne, upana wake karibu sentimita 25. Pembeni kuna kinyesi kilichorushwa juu ya vichaka, kwa sababu dume hukitawanya kwa mkia, na mahali alipokula pamekatwa chini kama pamepita mashine. Mamba ni tofauti: tumbo lake hulainisha tope, na mkia huacha mstari katikati ya nyayo. Kenge pia huacha mstari wa mkia, ila wake ni mwembamba na unapindapinda. Kijana wetu alishika haya haraka kuliko alivyowahi kushika hesabu, jambo lililotufurahisha na kutuudhi pamoja.

Elimu hii si ngeni kwetu Waislamu. Katika Hijra, Makureshi walifuata nyayo mpaka pango la Thawr, na 'Aamir bin Fuhayra (r.a.) ndiye aliyekuwa akiwapitisha kondoo juu ya nyayo ili zifutike. Suraqa aliyemfukuzia Mtume (s.a.w.) alikuwa wa Banu Mudlij, kabila lililosifika kwa kutambua nyayo na miguu ya watu. Na ni mtu wa kabila hilo hilo, Mujazziz, aliyeiona miguu ya Zayd na Usama (r.a.) ikiwa imetokeza nje ya shuka, mmoja mweupe na mmoja mweusi, akasema miguu hii ni ya jamaa mmoja, na Mtume (s.a.w.) akafurahi sana kwa neno lile kwa kuwa watu walikuwa wakiitilia shaka nasaba ya Usama. Babu aliyajua haya yote. Tulipomsifia, alijibu kwamba Mujazziz alisema alichokiona kwenye miguu, hakuongeza.

Neno hilo tulilisikia, lakini hatukulishika, kama mtakavyoona.

Jumamosi ya sita hivi tulienda familia nzima, hata mdogo mgongoni. Tukachukua mkeka, chupa ya chai na maandazi. Asubuhi ilikuwa ya mawingu, jua limekwisha chomoza lakini halionekani. Babu alibaki nyuma kidogo akifunga baiskeli. Sisi tukafika kwenye mapito, karibu na matete, na pale topeni nyayo zilikuwa wazi kabisa, vidole vimeelekea ziwani. Mbichi. Mmoja wetu, hatumtaji jina ila ndiye aliyeshika kalamu hii, akatangaza kwa sauti ya mwalimu, "Amekwisha rudi majini. Hapa ni salama." Tukatandika mkeka hapo hapo, kati ya matete na maji.

Babu alipofika hakutoa salamu. Aliinama, akatazama, akamwita binti yetu. "Mjukuu wangu, hapa pana nyayo za kwenda na za kutoka. Zipi zimezikanyaga nyingine?"

Mtoto akapiga magoti, akatazama kwa muda, akasema, "Za kutoka majini ndizo ziko juu, Babu."

Kumbe alikuwa amerudi, kisha akatoka tena. Siku za baridi na mawingu kiboko huchelewa nchi kavu. Yeye alikuwa nyuma yetu na ziwa likiwa mbele yetu, na tulikuwa tumekaa kwenye mlango wake. Hakuna mahali pabaya zaidi pa kukaa, na Babu alikuwa ametuambia hivyo tangu siku ya kwanza.

"Acheni kila kitu. Njooni huku ubavuni. Msikimbie, msiseme."

Tukapanda nyuma ya kichuguu, hatua kama 40 kutoka pale. Mama alimziba mdogo mdomo kwa kanga. Hatukuhesabu dakika. Matete yakaanza kuvunjika, na akatoka, mkubwa, mwekundu kidogo shingoni, anatembea bila haraka mpaka alipouona mkeka. Hapo akakimbia. Mtu asiyemwona kiboko akikimbia hawezi kuamini mwili ule unaweza. Alipita juu ya mkeka, chupa ya chai ikapasuka, tukasikia maji yakipokea ule uzito. Maandazi hatukuyaona tena.

Kijana wetu alikuwa akitetemeka. Na sisi pia. Babu hakutugombeza. Alikaa chini, akamwambia mwenye kalamu, "Uliona zinazokwenda ukaacha kutazama." Basi. Njia nzima ya kurudi hatukuzungumza.

Tulidhani kijana ataacha ndagala baada ya hapo. Aliendelea, ila sasa anachelewa kuondoka mpaka pawe na mwanga wa kuonea chini, na bei ya samaki wa saa kumi na mbili si kama ya saa kumi na moja. Faida imepungua. Ada tulimalizia kwa mkopo wa jamaa.

Mwezi uliopita alichelewa sana. Saa moja ikapita, saa mbili ikakaribia, mama mlangoni, tasbihi imekwisha mara ngapi hatujui. Mwishowe kengele ikalia. Ndoo ilikuwa tupu.

"Za kutoka zilikuwa juu," alisema huku akiegesha baiskeli. "Nikasubiri. Alipopita, wavuvi walikuwa wamekwisha uza."

Mama akamwambia anawe mikono, chai iko mezani.