Sehemu ya 6: "Mama, ukuta una homa"

Sehemu ya 5 tuliishia kwenye maji ya moto na watoto wanaotambaa, nikaahidi inayofuata ni umeme. Nimeahirisha mara mbili. Nilisingizia zamu, lakini ukweli ni aibu. Hii ya leo haikutokea wodini. Ilitokea kwangu, na mwenye kosa ni mimi.

Mnajua baba watoto ni seremala. Mwaka jana kodi ya fremu ilipanda, tukaamua ahamishie kazi nyumbani kwenye banda la gari. Gari lenyewe hatuna, banda tulijenga kwa imani, hahaha. Akaleta msumeno wa meza, randa ya umeme na kompresa ya kupulizia vanishi. Umeme tukauvuta kutoka soketi ya chumba cha watoto: fundi akatoboa ukuta, akapitisha waya, akafunga soketi mbili bandani, nusu siku kazi imeisha. Nilifurahi jamani. Hela ya kodi imebaki ndani, na watoto wakitoka shule wanamkuta baba yao.

Shida ikaanza jioni. Msumeno unakata, kompresa inajaza upepo, mimi nachomeka jagi la umeme nipate chai, breka inaruka. Giza. Katuni imekatika, watoto wanalia, natoka na tochi ya simu kwenda kuipandisha. Siku nyingine mara nne. Nikachoka. Nikampigia yule fundi mwenyewe, baba watoto hata hakuwepo: "Kaka, hii breka mbovu, njoo uniwekee kubwa." Akaja, akatoa ya ampia 20 akaweka ya 32. Akaniambia, "Dada nesi, haitakusumbua tena hii." Na kweli, haikusumbua.

Wodini, mashine ya mapigo ya moyo ikilia, sijawahi kuzima kengele nikaondoka zangu. Mwanafunzi akijaribu hivyo, wodi nzima itanisikia. Nyumbani kwangu kengele imelia wiki tatu, nikamlipa mtu aje ainyamazishe.

Ikapita kama miezi miwili. Usiku mmoja nawalaza watoto, yule wa miaka minne ananiambia, "Mama, ukuta una homa."

Nikacheka. Huyu anapenda kucheza daktari, pale ndani kila kitu kinapimwa homa mpaka paka. Nikamwambia mpe dawa alale. Akakataa, akanishika mkono akaupeleka nyuma ya kabati, juu ya soketi.

Ukuta ulikuwa wa moto. Soketi yenyewe imeshageuka rangi, pembeni kahawia, na nilipoinama nikapata ile harufu ya plastiki inayoungua. Hapo godoro lao liko shubiri mbili tu kutoka pale, na huko nje msumeno unanguruma kwa sababu kuna oda ya vitanda. Sikumbuki nilifikaje kwenye meni swichi. Tulilala sebuleni wote, giza, dirisha wazi, mbu wakatula.

Asubuhi mwenzangu wa kazini akatupa namba ya fundi mwingine. Huyu alikuwa na leseni ya EWURA, na alitoa mwenyewe kabla hatujaiuliza. (Muulizeni fundi wenu. Anayechukia swali hilo, mwacheni aende.) Akafungua soketi. Ganda la waya lilikuwa limekauka, ukiligusa linavunjika kama ganda la karanga. Shaba iko wazi, ndani ya ukuta wa chumba cha wanangu.

Akatukalisha akatupigia hesabu, na mimi niliyesoma fizikia mpaka kidato cha nne nikaona haya upya. Breka haipo kwa ajili ya kulinda msumeno. Inalinda waya. Ule waya wetu ni wa milimita 2.5, na kwa jinsi ulivyofukiwa ukutani usingepaswa kubebeshwa zaidi ya ampia 20 hivi. Umeme wetu ni volti 230, zidisha kwa 20 unapata wati 4,600. Sasa jumlisha: msumeno wati 1,800, kompresa 1,500, jagi langu la chai 2,000. Ni 5,300. Na mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaotumia ikishachanganya. Kwa hiyo breka ya 20 ilikuwa inaruka kwa haki kabisa. Nilipoweka ya 32 niliuruhusu ule waya kubeba zaidi ya wati 7,000 bila mtu kuuzuia. Yaani nilifunga pasi ndani ya ukuta, kisha nikasukumia kitanda cha watoto pale.

Baba watoto hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, ungeniambia." Ningependelea angegomba.

Niliuliza kama inabidi tuombe TANESCO umeme wa njia tatu, maana mtaani wanasema ukiwa na mashine lazima. Fundi akazunguka anasoma vibao vya mashine moja moja, akajumlisha na friji, pasi na pampu ya maji, akasema njia moja inatutosha. Angekuwa na mota kubwa za njia tatu, hapo tungeomba. Tatizo letu lilikuwa njia ya kufikisha umeme bandani.

Alichofanya: waya mpya mnene, wa milimita 10, unaanzia kwenye boksi kuu, unapita uani chini ya ardhi ndani ya bomba, chini ya pale jembe linapofika. Haugusi chumba cha mtu. Bandani akafunga boksi lake dogo. Msumeno una breka yake, kompresa yake, na taa zina yao peke yake. Hili la taa sikulielewa mpaka aliponieleza: breka ya msumeno ikiruka usiku, baba asibaki gizani na meno ya msumeno bado yanazunguka. Akachimbia na fimbo ya ethi. Soketi ya chumba cha watoto na waya wake wote vikang'olewa, vikawekwa upya na breka ya 20 ikarudi.

Mwisho akafunga kile kifaa wanachokiita RCD, kinachokata umeme ukivuja milliampia 30. Hapa naomba mnisikilize kama nesi. Mama wengi tunadhani breka inamlinda mtoto. Umeme ukipita mkononi misuli inakaza, na ile inayofunga kiganja ina nguvu kuliko inayokifungua, ndiyo maana tunasema umeme umemshika. Ukifika kwenye moyo, hata kiasi kidogo sana kinaweza kuvuruga mapigo. Breka ya ampia 20 inasubiri umeme mkubwa mara zaidi ya 600 ya zile milliampia 30. Mtoto atakuwa ameshika soketi na breka haina habari. RCD ina kitufe kidogo chenye T, kikibonyezwa inatakiwa ikate. Mimi nabonyeza kila mwezi siku ya mshahara.

Na akishikwa mtu, usimvute kwa mkono. Zima meni swichi kwanza. Ukishindwa, msukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki, umesimama pakavu. Halafu hospitali, hata kama kidonda ni kidogo kama punje ya mahindi, maana umeme unaunguza zaidi ndani. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, waambieni mara tu mnapofika.

Gharama? Mgao wangu wote wa kikoba, na bado tukakopa kwa dada. Ule waya mnene ndio uliokula hela. Oda ya vitanda ilichelewa siku tano, mteja akachukua viwili badala ya vinne.

Mtoto bado anapima ukuta kila usiku kabla ya kulala, na sasa hivi namwacha apime.

Naingia zamu ya usiku. Sehemu ya 7 ni ya mtoto aliyetafuna waya wa chaja, kidonda cha mdomo kinavyoweza kuanza kutoa damu wiki nzima baadaye wakati mnadhani kimepona.