Kofia za Maputo

Kofia ya puto huanzia kichwani mwa mtoto. Kabla ya kusokota chochote, fundi humzungushia puto kwenye paji la uso, akaacha nafasi ya kupitisha kidole kimoja, ndipo akapima. Likibana, mtoto atalivua kabla keki haijakatwa. Likilegea, litamshukia machoni. Mwandishi wa kumbukumbu hizi, aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi Dar es Salaam, kwenye sherehe za kuzaliwa, sikukuu za Idi na maonyesho ya Sabasaba, aliyajua hayo baada ya kuharibu mapulizo mengi, kama watoto wanavyoyaita.

Puto la kazi hii ni jembamba. Mafundi huliita mia mbili sitini, kwa sababu likijaa huwa na unene wa inchi 2 na urefu wa inchi 60, yaani karibu mita moja na nusu. Hutengenezwa kwa utomvu wa mti wa mpira. Sura ya mnyama si ngeni kwa maputo ya utomvu huo: mwaka 1931, huko Massachusetts, Marekani, Neil Tillotson alikata kadibodi kwa umbo la kichwa cha paka, masikio yakiwemo, akaichovya kwenye utomvu na kupata puto.

Msingi wa ufundi ni mkia, yaani sehemu ya mwisho isiyotiwa hewa. Kila msokoto husukuma hewa mbele, na hewa hiyo lazima ipate pa kwenda. Puto lililojazwa hadi ncha hupasuka kwenye msokoto wa tatu au wa nne. Mwandishi alipoanza alikuwa akijaza mno, akidhani puto gumu ndilo zuri. Alikuwa pia akipuliza kwa mdomo, hadi mashavu yakamuuma usiku kucha. Pampu ya mkono ndiyo iliyomwezesha kuhudumia watoto arobaini kwa alasiri moja.

Twiga ndiye anayeombwa zaidi, naye hutoka katika puto moja. Huachwa mkia wa upana wa kiganja. Kuanzia kwenye fundo, husokotwa pingili moja ya urefu wa kidole kuwa mdomo, kisha pingili mbili fupi zinazokunjwa pamoja na kuzungushwa shinani, zikasimama kama masikio. Baada ya hapo huachwa shingo ya shibiri moja na kitu, na sehemu inayofuata huzunguka kichwa cha mtoto na kufungwa chini ya shingo. Kipande kinachobaki hupitishwa juu ya utosi na kushikizwa nyuma. Wengi hukikata, na hilo ni kosa: bila kipande hicho shingo huinama kila mtoto anapokimbia. Pingili zote husokotwa kwa upande uleule; mkono ukigeuza, za mwanzo hufunguka.

Sungura ni rahisi, masikio mawili marefu tu. Tembo anataka subira. Mkonga wake huviringishwa kwenye vidole vinne na kubinywa taratibu mpaka mpira upate joto la kiganja na kukubali kupinda.

Adui mkubwa ni jua. Katika sherehe moja ya mwezi wa Februari, mwandishi alizipanga kofia kumi na mbili kwenye nyasi saa saba mchana, zimsubiri mwenye siku yake. Zilipasuka moja baada ya nyingine, na mtoto akalia mbele ya wageni. Joto hupanua hewa iliyomo, na jua huchakaza mpira. Hata ncha ya jani kavu inatosha kuupasua. Tangu siku hiyo kofia husokotwa kivulini, na maputo yasiyotumika hukaa ndani ya kopo lenye kifuniko.

Wapo watoto wanaoogopa mlio wa puto. Hao hawalazimishwi; mwandishi huwapa pampu waishike wenyewe, na wengi huishia kuomba kofia.

Baada ya sherehe, mwandishi huinama na kuokota kila kipande cha mpira kabla ya kupokea malipo yake. Kipande cha puto kikiingia kooni mwa mtoto mdogo huziba njia ya hewa, na kukitoa ni vigumu. Mzazi aliyemwalika fundi nyumbani naye ainame aokote.